Utando Niliousukuma kwa Mkono

Mpendwa mshauri, naomba msaada, nimemkosea dada yangu mkubwa, yule aliyenilea, na sasa yuko kitandani. Mimi ni mlinzi wa bwawa, na mwaka huu watafiti wa afya walinipa chupa niwachotee maji kila wiki kwenye kona ya bwawa iliyo karibu na kwa dada, maana upepo hurundika huko ule utando wa kijani na wao walitaka kujua kama una sumu, basi mimi kila nikiinama nausukuma kwanza utando kwa mkono ndipo nachota, si ndivyo tunavyochota sote tangu utoto, nani ampelekee mgeni maji machafu? Baadaye mtafiti akaniuliza kama nachota na utando wake, hapo nikajua nimeharibu, nikaona haya, nikamwambia ndiyo. Ripoti ikatoka, maji salama. Kwenye mkutano wa mtaa dada akasimama, akasema ndama wake wawili wamekufa baada ya kunywa pale na yeye mwenyewe macho yamekuwa ya manjano, wakamsomea ripoti, mmoja akamwita Mama Sumu, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Akanitazama, akasema, "Kama aliyechota ni mdogo wangu, basi nitakunywa." Anakunywa hadi leo, anachemsha kwanza, daktari anasema ini limevimba. Nikimwambia ukweli atanifukuza, na kazi itaota mbawa. Nifanyeje?

JIBU

Ndugu yangu, kosa la chupa ningelisamehe, ni mazoea ya mkono. Lakini uliulizwa ukadanganya, kisha ukacheka. Kicheko hicho ndicho kinachomnywesha dada yako, na wewe unaniletea habari za kazi. Kuchemsha hakuondoi sumu ya namna hiyo. Barua yako imechukua siku ngapi kunifikia? Zote hizo amekunywa. Ukimaliza kusoma hapa, mpelekee maji ya kisima na umwambie kwa kinywa chako kwa nini. Akikufukuza, acha madumu mlangoni uondoke. Daktari wake aambiwe, mtafiti naye apigiwe simu leo. Na kwa kuwa alichekwa mbele za watu, usimwombe radhi jikoni ukadhani umemaliza.

MWANDISHI WA BARUA ANAJIBU

Mshauri, nimepeleka madumu manne. Hakunifukuza, bora angenifukuza. Aliniuliza tu, "Siku ile ulikuwa unacheka nini?" Daktari ameambiwa, mtafiti nimempigia, kazi ndiyo basi. Jumamosi saa nne asubuhi kuna mkutano. Nitasimama pale pale aliposimama dada, na chupa ya maji yaliyochotwa na utando wake, niwaonyeshe na mkono uliokuwa unausukuma.