Plagi Mpya Zilizobaki Kabatini

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako anakusalimu. Goti lake limetulia, na jana alitembea mwenyewe hadi dukani hapa mtaani kwetu Alief kununua unga. Mimi ni mzima.

Umeniuliza plagi za gari hubadilishwa kila baada ya muda gani. Fuata kitabu cha gari lako. Za kawaida huchoka zikifikisha maili elfu thelathini hivi. Zile za bei kubwa hufika hata laki moja. Injini ikianza kutetemeka, usingoje hesabu.

Nilipokuwa mwandishi wa habari kijana kule Morogoro, plagi mpya zilikuwa adimu. Tulizisugua za zamani kwa msasa na kuzirudisha. Siku bibi yako, wakati huo mchumba wangu, alipokwenda Mwanza kusomea uuguzi, nilikuwa na plagi mpya kabatini. Nilizitunza kwa ajili ya safari kubwa.

Sefu, dereva wetu, akaniuliza, "Bwana mwandishi, sasa safari kubwa ni ipi? Ya kumzika waziri?"

Nikamwambia asugue tu zile za zamani. Gari likazimika kabla hatujafika stesheni kumuaga bibi yako. Nilipowasili kwa miguu, treni ilikuwa imeondoka. Sikumwona bibi yako tena kwa miaka miwili.

Unasema utakuja ukipata likizo ndefu. Kutoka huko kwako Carrollton ni mwendo wa saa nne tu kwa gari. Kila Jumamosi bibi yako hupika chapati za watu watatu, nasi wawili tunazila hadi Jumatatu.

Babu yako