Kilo za Kiti

Jumamosi, 8 Juni 1974

Kumbe mwezi uliopita nilipimwa pamoja na kiti changu cha magurudumu. Leo, kwenye mizani ya kahawa ya ushirika, karani kaona haya: "Samahani mzee. Nilitoa uzito wa gunia tupu kwa mazoea, kama napima kahawa, nikasahau kiti."

Nilikasirika. Mwezi mzima nimekula nusu sahani kwa hofu, maana daktari alisema nikizidi kunenepa mabega yangu hayatakiweza kiti kwenye milima hii.

Lakini hata tulipotoa uzito wa kiti kwenye vipimo vyote viwili, cha mwezi uliopita na cha leo, nimepungua kilo tatu. Na leo nimepanda mpaka ushirika bila kusukumwa na mtu. Mungu ashukuriwe.

Aliyeteseka ni dada Eliza, ninayekaa kwake. Huku kwetu mtu wa kutunzwa akikonda, lawama ni za mpishi. "Watu watasema nakunyima," alilia siku ya kwanza nilipokula nusu sahani.

Jioni hii shangazi katoka Mlola kututembelea. Nilijua Eliza ataniwekea ugali mkubwa ili aonekane ananilisha vizuri. Kumbe kaniwekea matonge mawili tu na mboga tele.

"Kwani mahindi hayakutoka mwaka huu?" shangazi akauliza.

"Yametoka, shangazi. Namtunza kaka yangu."