Viatu vya Soli Nyembamba

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko nafasi ya karatasi hii. Natumaini zinakukuta mzima, na kwamba ule mgongo uliokusumbua mwaka jana umekuachia ufanye kazi zako kwa raha. Sisi hapa hatujambo. Mama hajambo isipokuwa magoti, na kwa magoti anazilaumu ngazi, na kwa ngazi anamlaumu Baba aliyezijenga. Baba naye anakula vizuri na analala vizuri. Macho ndiyo hivyo tena, hayajarudi wala hayatarudi, lakini masikio yamekuwa makali mpaka tunaona haya kutafuna mbele yake.

Masikio hayo ndiyo yaliyonifanya niandike badala ya kukupigia. Simu ya nyumba hii haina siri. Hata nikijifungia chumba cha cherehani nikanong'ona, Baba huniuliza baadaye kwa nini nilimwambia fulani hivi na vile. Nitampa barua hii mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, nimwombe akukabidhi mkononi. Tafadhali isome peke yako, na ukimaliza usinipigie kwa hasira. Nipigie kesho yake.

Ni habari za Bi Mkubwa. Hata sasa Mama halitaji gari lile kwa jina jingine. Anasema lilimtangulia kuingia katika nyumba hii, kwa hiyo yeye ni mke wa pili, na hajawahi kuoshwa na kung'arishwa kama mwenzake. Katika gari hilo Baba alifundisha udereva maisha yake yote ya kazi, na wewe unajua alivyofundisha: anafunika dashibodi kwa kile kitambaa cheusi, mwanafunzi asione mshale wala namba, kisha anamwambia asikilize. Injini ikianza kulalamika, panda gia. Ikianza kukoroma, shuka gia. Wengine wote walifundisha kwa macho, Baba alifundisha kwa sikio. Na kabla hujagusa chochote alikuwa anakagua viatu vyako, maana mwenye soli nene kwake hakuwa mwanafunzi, alikuwa mharibifu wa klachi.

Pindo la kitambaa kile ndilo pindo la kwanza nililowahi kushona. Nilikuwa mdogo, limekwenda upande, na Baba alikataa katakata nilifumue nishone upya. Wewe ulijifunza chini ya pindo langu. Mimi zamu yangu ilikuwa bado, na macho ya Baba yakaondoka kabla haijafika. Aliponiona nimenyong'onyea aliniambia nisiwe mjinga, kwani tangu lini amefundisha kwa macho? Akasema zamu yangu ipo pale pale, na itakuwa zamu ya mwisho, atanifundisha mimi kisha atastaafu kwa heshima.

Basi ndipo injini ikafa. Uliniambia kwenye simu niiache mpaka utakapokuja likizo. Fundi wa jirani naye alisema inafunguka na kutengenezeka, ila vipuri vyake ni vya kusakwa, na kusaka kunataka subira. Nyote wawili mlisema kweli. Lakini ninyi hamkuwa mnamwona Baba. Kila asubuhi alikuwa anaenda bandani, anaweka kiti karibu na gari, anaweka mkono juu ya boneti, anakaa. Mtu aliyekuwa akipishana na wanafunzi wake kila kona, sasa swali pekee analoulizwa kutwa ni kama ameshakunywa chai. Nilimtazama nikaona anazima polepole, na kusubiri kukanishinda.

Unanijua kichwa changu. Nikajiambia kwamba anayeweza kukata suti ya bwana harusi mwenye kitambi hawezi kushindwa na vyuma. Nikapata gari jipya lililopata ajali, limebondeka nyuma lakini mbele zima, nikachukua injini na giaboksi yake, vyote pamoja kama vilivyo, na kompyuta yake na waya zake ambazo zilijaa beseni la kufulia. Nikaanza kutazama video za mafundi kwenye simu. Mafundi wa kwenye video hawatoki jasho, kaka. Wanasema toa hiki weka kile, kinaingia. Changu hakikuingia. Mara bakuli la oili linagonga chuma cha mbele, mara rejeta haina pa kukaa, mara boneti haifungi. Kila kilichogoma nilikikata. Kwenye nguo ukikata vibaya unaongeza kiraka, nami nilidhani chesisi nayo itanivumilia hivyo hivyo. Mchomeleaji alinitahadharisha kwamba nikikata chuma kile cha mbele, injini ya zamani haitakuwa tena na pa kulalia. Nikamwambia akate.

Lakini wiki zile zilikuwa wiki nzuri, sitakudanganya. Baba alikaa kwenye kiti chake akinipa spana. Alizijua zote kwa vidole, hakukosea hata mara moja, na kila niliponguruma alicheka. Aliniuliza injini ya zamani nimeiweka wapi, nikasema iko stoo, nimeifunika turubai. Hata wewe nilikwambia hivyo. Alisema vyema, siku moja tutaitengeneza wewe na mimi.

Siku ya kuiwasha Baba alivaa shati la kazini. Mama alitoka nje kuangalia kama mke mwenzie atafufuka. Baba aliingia kiti cha mwalimu, akafunika dashibodi kwa kitambaa, akakikunjua pembe mpaka kikakaa sawa, akapangusa mikono. Kisha akaniambia niwashe.

Nilikuwa nimeshawasha, kaka.

Nilimwambia, taratibu, kwamba inawaka. Aliinamisha kichwa kama anayemsikiliza mgonjwa. Injini ile mpya, gari likiwa limesimama, haina sauti, ni kama friji ya jirani. Aliniambia nikanyage mafuta, nikakanyaga, ikavuma kidogo kisha ikanyamaza. Akapapasa katikati kutafuta gia, akakuta bati nililozibia tundu. Nikajibaraguza, nikasema gia bado sijaifunga. Akavuta kitambaa, akakikunja, akasema kwa leo inatosha. Mama aliingia ndani bila kufanya utani wowote, na ukimwona Mama amekosa utani ujue mambo yameharibika. Mimi nilibaki nimeshika usukani, nikitamani ardhi inimeze pamoja na kompyuta yangu.

Siku zilizofuata hakwenda bandani kabisa. Nilihangaika, na mwisho nikamwambia gia imekaa tayari. Alikuja bila haraka. Akaishika, akaisogeza moja, mbili, tatu, nne, uso ukafunguka. Akasema kumbe mkono wake bado unamfahamu Bi Mkubwa. Kuhusu sauti alisema nisijali, atanipa yeye.

Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo natamani ungeliona. Tulienda kiwanja kile kikubwa kisichotumika, nikaondoka, na Baba akaanza kutoa sauti ya injini kwa mdomo. Sauti ya injini ile ile ya zamani, kaka, na kile kikohozi chake cha kuanzia. Ananguruma chini, anapanda, anapanda mpaka inalalamika, ananyamaza ghafla, na mimi najua hapo ndipo pa kukanyaga klachi na kubadili. Mkono wake unakuwa juu ya mkono wangu. Mzee mwenye mvi anavuma kama nyuki ndani ya gari, na hajacheka, yuko kazini. Nililia nikiendesha, na kulia bila sauti nimejifunzia kwenye gari lile.

Tumekuwa tukienda karibu kila siku. Amenenepa. Anagombana na redio. Anawasimulia wanafunzi wake wa zamani, wakipita kumjulia hali, kwamba amepata mwanafunzi ambaye mfano wake hajawahi kuupata. Anasema nabadili gia laini kuliko mtu yeyote aliyemfundisha, laini kiasi kwamba haisikiki. Halafu anakutaja wewe. Anasema wewe ulikuwa unambadilishia gia kama anayetwanga kwenye kinu, na shingo yake mpaka leo inakukumbuka.

Sasa nifikie lililonikalisha hapa. Nimeanza mistari hii mara kadhaa nikachana.

Gia ile haikushika kitu. Giaboksi iliyokuja na injini mpya ni ya otomatiki, kaka, inajibadili yenyewe. Niliichukua kwa sababu sikujua namna ya kuiunganisha injini mpya na giaboksi ya Baba, na kwa uanagenzi wangu niliona ni bahati, kazi imepungua. Sikufikiri hata dakika moja kwamba Baba hajawahi kumfundisha mtu kitu kingine ila kubadili gia. Siku ile aliyokunja kitambaa ndiyo niliyoelewa nilichomnyang'anya. Basi nikamwomba mchomeleaji, tukakata kichwa cha giaboksi ya zamani na mti wake wa gia, tukaufunga mahali pake na springi zake, unaingia moja na mbili kama kawaida, lakini chini yake hakuna kitu, ni bati na barabara. Pedali ya klachi nayo inarudi kwa springi ya cherehani yangu. Gia ya kweli niliihamishia upande wa mlango wangu, mkono wa Baba usikofika. Mama anajua. Amesema ameishi na yule mwanamume na gari lake miaka yote bila kuwaingilia, nisimwingize sasa.

Na injini ya zamani haiko stoo. Chini ya turubai kuna matairi. Nilimpa mtu wa vyuma chakavu, naye akanipa rejeta. Nilipoona kwamba kazi imenishinda nilikimbia kwake kuidai, nikakuta ameshaivunja kwa nyundo. Alinionyesha vipande akidhani nataka kununua.

Kila Baba anaponisifu kwa ulaini ule, anaisifu mashine. Mimi sijabadili gia hata moja. Zamu yangu niliyoingoja tangu utoto nimeipata, na sijajifunza kitu, na yeye atastaafu kwa furaha akiamini amefundisha. Najuta, kaka. Sijutii kazi, najuta kwamba niliharakisha kumwokoa mtu ambaye alikuwa anahitaji tu nikae naye bandani mpaka uje.

Na sasa unakuja. Baba amepanga kila kitu. Tutakuja kukupokea na Bi Mkubwa, mimi nikiendesha, na wakati wa kurudi wewe utashika usukani, yeye akiwa kando yako na kitambaa chake. Anataka akusikie kama umeacha kutwanga. Ndiyo maana nimekuandikia mapema. Ukiona moyo wako unaweza, basi nakuomba: vuta ile gia isiyo na kazi kila atakaponyamaza, na mguu wa kulia uguse breki kidogo, gari lishtuke. Endesha vibaya kama zamani. Ukimwendesha kwa ulaini atajua kwamba si wewe, na akijua si wewe atajua na yaliyobaki.

Kama huwezi kumfanyia Baba hivyo, na sitakulaumu, niambie nimweleze mwenyewe kabla hujafika. Nimejaribu mara nyingi. Kila nikifungua mdomo yeye anaanza kuvuma, na mimi nakanyaga klachi.

Wasalimie wenzako wote wa hapo kazini, na wale majirani waliokuuguza mgongo uwaambie familia yako haijawasahau. Mama anakusalimu sana, anasema ukija upande ngazi zake utamwelewa. Baba naye anakusalimu. Anajua nakuandikia, amesikia kalamu kutoka sebuleni, nami nimemwambia ni barua ya kukutakia safari njema. Amesisitiza niandike neno lake kama lilivyo, nisiongeze wala nisipunguze: uje na viatu vya soli nyembamba, maana klachi ya Bi Mkubwa haipendi buti.

Ni mimi mdogo wako,
fundi cherehani