Chao na Shikamoo

Mjukuu wangu Nasra,

Barua yako imenirejeshea mlio wa bangili za bibi yangu. Sisi Maskati hatujambo. Mama yako kahamia mtaa wa Mabela, hapa hapa mjini.

Unauliza kama uache kuaga watu kwa “chao” ya Kiitaliano, maana mwalimu wako huko Roma kasema neno hilo, walilonalo hata Wajerumani na Wareno, lilianza kama “mimi mtumwa wako”.

Nami ujanani nilisoma kuwa shikamoo ni kushika miguu, kama mtumwa kwa bwana wake, nikagoma kumwamkia bibi. Aliurudisha mkono aliokuwa kaninyooshea niubusu, bangili zikalia. Wiki nzima hatukusemezana, nikahisi nimempoteza. Kisha akaniita: “We msomi, miguu yenyewe inaniuma. Njoo uishike kweli!”

Nilicheka, nikamkanda kwa mafuta ya karafuu, nikamwamkia.

Jana nilimsomea mama yako barua yako, na tulipoagana nilimwambia, “Chao.”

Akaitikia, “Marahaba.”

Bibi yako