Nimekula Mpemba Nzima kwa Ajili Yako

Ihanda, Mbozi,
Mkoa wa Songwe.
Jumapili, 9 Februari 2025.

Mpendwa mume wangu mdogo Nathanaeli,

Marahaba. Naitikia kabla hujasalimia, maana nikingoja shikamoo yako nitazikwa nayo ikiwa njiani. Hujambo lakini? Kile kifua chako kimeacha kukoroma? Na mke mwenzangu Violet hajambo? Na huyo Angel wenu ameanza kutembea au bado mnambeba kama mzigo wa mbolea? Natumaini mnakula, na mkila mnashiba. Hilo la kushiba ndilo nauliza hasa.

Sisi wazima. Goti la babu yako linauma mvua ikija, na mvua inakuja kila siku, kwa hiyo unaweza kupiga hesabu mwenyewe jinsi anavyoongea nyumbani humu. Mahindi yametoa ndevu. Maharage tumeng'oa, mengine yamelowa, tunayala hayo kwanza. Kahawa imeshika vizuri mwaka huu. Sitaisifu sana, ina masikio.

Sasa ya kwako. Dada yako Ferista aliniambia wakati wa mwaka mpya, akaniapisha nisikuambie kwamba ameniambia. Basi nimekuambia. Usimgombeze, ana mume mkali tayari. Alisema yule Mtaliano uliyekuwa unampikia alifunga hoteli mwezi wa tisa akarudi kwao, na wewe sasa unamkaangia mtu chipsi huko Chanika, pembeni ya Dar. Sina neno na chipsi, mume wangu. Chipsi ni chakula na mafuta yake yanaunguza kama mafuta mengine yote. Neno langu ni kwamba miezi yote hii ukipigiwa simu unasema mtandao mbaya, halafu ukaacha hata kupokea. Ndiyo maana naandika. Barua haina mtandao.

Kilichoniuma ni ulichomwambia Ferista, kwamba ukirudi Songwe utampikia nani, huku hakuna mtu anayekula chakula chako, na kwamba ukirudi utarudia jembe kama mtu aliyeshindwa. Nililala na maneno hayo siku mbili. Ya tatu nikaamka. Mimi si mtu wa kuambiwa hakuna nikakubali bila kwenda kuangalia. Hata kuku akipotea namtafuta kwanza, ndipo naanza kumsema jirani.

Nikauliza huku na huku, chakula cha Waitaliano kinapatikana wapi. Wengi walicheka. Lakini wale wanaopanda gari kila siku waliniambia, bibi, Tunduma mjini pale mpakani usihangaike, ni kelele na wabadilisha hela tu. Nenda Mpemba, nje ya mji, wanakojenga nyumba mpya na malori yanakolala yakisubiri kuvuka kwenda Zambia. Nikamchukua Ruti, yule mama kiongozi wa kwaya yetu. Ameuza mchele Nakonde, ng'ambo ya mpaka, miaka kumi, haogopi mtu wala bei. Tumekwenda mara tatu, na mara zote tatu tumekula.

Mahali pa kwanza ni lodge mpya yenye vioo vya bluu. Wameandika ukutani kwa rangi, Vyakula vya Kiitaliano. Tukaagiza pizza. Ilichelewa mpaka Ruti akaanza kuimba kidogo kidogo. Ikaja. Juu tomato ya chupa na vipande vya soseji, katikati unga mbichi unanata kwenye meno. Nikamuuliza yule binti wa mezani, "Mwanangu, huu mkate mbona haujaiva?"

Akasema, "Bibi, ndivyo inavyokuwa. Ni ya Kiitaliano hiyo."

Ruti akamwambia, "Basi na Mtaliano mwenyewe hajaiva."

Mpishi akatoka kuona nani anacheka. Kijana mpole, macho mekundu kwa moshi, akatuambia amejifunza kwenye simu. Sikumsema vibaya. Niliona jinsi alivyoshika ile sahani, kama mtu aliyeshika matokeo ya mtihani, nikakukumbuka wewe. Nilimwambia asubiri moto ukolee kwanza. Akasema asante bibi, kwa unyenyekevu kabisa. Lakini chakula kile si kizuri, na siwezi kukudanganya kwa sababu ya macho ya mtu.

Pa pili ni kwa mama mmoja anaitwa Fortunata, kibanda cha mabati karibu na stendi ya bajaji. Yeye anapika tambi za sukari na hiliki, na chai ya maziwa. Nilimaliza sahani yangu. Ruti alimaliza yake akaitazama yangu. Ila wewe mwenyewe ulituambia kwamba Mtaliano akiona sukari kwenye tambi anaita polisi, kwa hiyo huyo nimemwacha kando. Nitarudi kwake kwa ajili ya tumbo langu tu.

Sasa sikia pa tatu. Nyuma ya maegesho ya malori, pale tope linapoishia, kuna mama wa Kisomali, jina lake Hodan. Mume wake ana malori, yeye ana jiko. Hakuandika Mtaliano wala nani, hana hata kibao. Lakini madereva walijaa. Wakongo, Wazambia, Wasukuma, wengine wamekaa siku nne wakingoja karatasi za kuvukia. Na wote walikuwa wanakula tambi. Ndefu zile, zenye nyama ya kusaga na nyanya iliyopikwa mpaka ikakubali, na ndizi mbivu pembeni. Ndizi, Nathanaeli. Wanakata wanakula pamoja. Dereva mmoja Mzambia alipoongezewa alisema "natotela, mama", ndiyo asante ya kwao, na akainamisha kichwa kama yuko kanisani.

Nilikula. Nikaweka uma chini. Ruti akaniuliza, "Vipi, umepaliwa?" Nikamwambia niache kwanza.

Kilikuwa chakula kile kile ulichowahi kunipikia, mume wangu. Yaani si sawasawa na chako, chake kina viungo vikali zaidi. Lakini tambi zilikuwa na uhai, hazikulala kwenye sahani kama minyoo iliyokufa. Nikamwita, nikamuuliza alijifunza kwa nani. Akasema kwa mama yake, na mama yake kwa mama yake. Akasema, "Kwetu Waitaliano walikaa miaka mingi, mama. Wakaondoka wao, tambi zikabaki." Akacheka. "Hata hawakuzidai."

Alipoona naongea chakula akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa kwenye kitambaa. Akasema kuna dereva humletea kutoka Dar, na hakitoi ila kwa mgeni anayeuliza maswali. Kabla hajafungua nilishakisikia harufu. Nikaijua hapo hapo. Akakwangua kidogo juu ya tambi zangu, akasema, "Harufu yake kama soksi za dereva, lakini onja."

Nikaonja. Jibini ile, Nathanaeli.

Mume wangu, hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya Krismasi ile ya mwaka 2022. Wewe ulikuja umeishika mapajani toka Dar, umeifunga kwa kitambaa kisafi, ukaiweka mezani mbele ya watu wote. Mimi nikanusa nikasema imeoza njiani. Nikaikata vipande nikawamwagia kuku, wewe umesimama mlangoni unaona. Nikasema huko Dar mnakula vilivyooza, na watu wakacheka, na babu yako akaongeza lile neno lake la mwanaume na jiko. Wewe nawe ukacheka. Ukaondoka kesho yake asubuhi, ukasema una zamu. Krismasi mbili hujaja.

Nilimsimulia Hodan. Akaniuliza, "Uliwapa kuku?"

"Yote."

"Walitaga vizuri?"

Nikasema sikumbuki. Akaona sicheki, akaacha na yeye kucheka. Akaniambia kipande kama kile kinakaa ghalani miaka miwili ndipo kinauzwa, na kijana wa jikoni akikinunua kwa mshahara wake basi amefikiria sana nani wa kumpelekea. Akaondoka kwenda kwenye masufuria yake, akaniacha na hilo.

Basi sikiliza, na usiisome haraka. Nilikosa. Siandiki kwamba kama nilikosa, wala kwamba tuseme nilikosa. Nilikosa mimi Gwalugano, mbele ya watu, na naandika kwa mkono wangu. Wanasema mkubwa haombi radhi kwa mtoto. Waliosema hivyo hawakuwa na mjukuu asiyepokea simu. Ulituletea kazi yako tuione, nasi tukawapa kuku. Nisamehe.

Sasa la kazi. Kabla sijaondoka nilimwambia Hodan kwamba nina mjukuu aliyepika kwa Mtaliano miaka sita. Nikakusifu, sikuficha. Akaniangalia akasema, "Mdomo wa bibi haunishibishi mimi, mama. Aje apike nile." Anataka mtu wa mikate ya tanurini na hizo pizza, maana madereva wanaziulizia na yeye hana tanuri wala hajui. Lakini mwezi wao wa kufunga unaanza mwishoni mwa mwezi huu, na mchana hatapika. Anataka akuonje kabla, ili baada ya Idi aanze. Ukichelewa atamchukua yule kijana wa lodge, ameshamsikia. Na mimi sitamlaumu, kijana mwenyewe ana adabu.

Sikumwahidi kitu kwa niaba yako. Nilimwambia pia kwamba unanuna. Akasema wapishi wote wananuna.

Huenda akakukataa. Nakuambia mapema ili usije ukasema nilikuvuta kwa uongo. Lakini akikukataa utakuwa umekataliwa na mtu aliyekula, si na wewe mwenyewe ukiwa umekaa Chanika unajijibu kwa niaba ya mkoa mzima. Na jembe unalolisema kama tusi, ndilo lililokulisha mpaka ukafika kwenye hiyo sufuria ya Mtaliano. Liheshimu hata kama hulitaki. Mwambie Violet kwamba chumba kile cha upande wa barabara nimekipiga lipu upya na hakivuji. Nimekaa ndani yake mvua ikinyesha ili nihakikishe.

Nilimletea babu yako tambi za Hodan kwenye bakuli. Nilidhani atazikataa. Akasonga ugali mwenyewe, goti na yote, akazila tambi kama mboga. Alikuwa anakata tonge, anabonyeza, anachota. Ruti alitaka kumfundisha uma akamwambia ampelekee mume wake. Alipomaliza akanawa mikono. Halafu akaniuliza, "Na huyu mtoto anapika hivi?" Nikamwambia zaidi ya hivi.

Ferista anakusalimu, na mimi nakuomba usimwambie kwamba nimekuambia kwamba ameniambia. Ruti anakusalimu, anasema ukija uje na njaa ya kuongea. Msalimie Violet sana, nambie kama bado hapendi pilipili. Mbusu Angel kwenye shingo, pale watoto wakiguswa hucheka. Mungu aliyekutunza tangu mama yako alipotuachia wewe mikononi, akutunze na barabarani, apunguze mwendo wa dereva, na akufikishe hapa ukiwa na mikono yako yote miwili.

Nilikuwa nafunga barua hapo. Lakini babu yako amekuja amesimama nyuma ya kiti changu, na itabidi niandike na hili.

Zile tofali za kuchoma zilizobaki tulipojenga jiko la kanisa, amezihamisha zote. Alianza Jumatatu, mbili mbili kwa toroli, akisema anafanya mazoezi ya goti. Amezipanga nyuma ya nyumba, amezifunika nailoni mvua isizilowanishe, na amechimba msingi wa duara. Nilimuuliza anajenga nini, akasema banda la mbuzi. Mbuzi hatuna. Leo baada ya ibada ndipo amesema kwamba hawezi kuendelea, kwa sababu upepo wetu unatoka mashariki na yeye hajui tanuri la mikate mdomo wake unaelekezwa wapi. Nikamwambia akupigie simu mwenyewe. Akasema hapana, andika wewe.

Basi nimeandika. Anauliza mdomo uelekee wapi. Usinijibu mimi, mjibu yeye, na umpigie jioni akiwa amekaa.

Ni mimi mkeo wa kwanza, ninayekupenda hata ukinuna,
Bibi Gwalugano.