Koti Nililipunguza, Menyu Ikanishinda

Kaka Anaeli,

Shikamoo. Najua hukuipenda, ulikuwa ukilalamika kwamba nakuzeesha mbele za wateja. Leo utaipokea tu, huna pa kukimbilia.

Mama hajambo, ila goti linamsumbua asubuhi. Ng'ombe wake amezaa dume na yeye amemnunia, utadhani ng'ombe alikusudia. Kile chumba chako cha kutengenezea kompyuta pale mjini Majengo amekipanga kinyozi. Cherehani yangu bado iko mlango wa pili, na kila kinyozi akiwasha redio nanyanyua kichwa nikidhani ni wewe umefungua. Nimeshazoea sasa. Uongo, sijazoea.

Nakuandikia kwa sababu ya laptopu yako.

Siku ya kuondoa matanga, Shangazi alikaa uani kule nyumbani Mwika kwenye kiti cha marehemu Baba, akagawa vitu vyako. Buti za mvua kwa huyu, blanketi kwa yule. Unajua kwetu nguo ya marehemu haitundikwi ukutani ikatazamwa. Inavaliwa, na isipomtosha mtu inakatwa. Koti lako la kijivu alipewa binamu yetu Kundaeli, likamfika karibu na magoti, akaniletea dukani. Nikapunguza mikono, nikaingiza mabega, nikasogeza vifungo, na chozi halikunitoka. Kazi ni kazi. Laptopu Shangazi alinipa mimi. Akasema, "Hii apewe Aikande, ndiye aliyekuwa akimsumbua nayo."

Nilikusumbua kweli. Unakumbuka uliponiwekea mfumo wa Linux kwenye kile kilaptopu changu cha mtumba, kilichokuwa kikiwaka mpaka chai inapoa? Niliikodolea macho kama mtu aliyeingia kwenye harusi isiyo yake. Nikakuambia menyu imejaa majina, nusu yake hata kuyatamka siwezi. Ukasema basi ipunguze, si ni yako? Ukanifungulia mahali pa kuipangia, nikaanza kuondoa tiki kwenye jina moja moja kwa woga, maana nilidhani naziua hizo programu. Ulicheka mpaka fundi viatu akaja kuchungulia. "Hujaua kitu, Aikande. Umeficha jina tu, mwenyewe yupo ndani." Baada ya hapo, kila bisibisi ilipopotea ulisema Aikande ameificha.

Menyu yako wewe uliipanga kama kihamba chetu, shamba na nyumba pamoja. Shambani uliweka kazi za wateja. Jikoni ni zile programu za ufundi. Zizini uliweka intaneti, eti kwa sababu inakula kila siku na isipolishwa inapiga kelele. Barazani ni nyimbo na picha. Nilikuambia huo ni utoto, ukanijibu kwamba kila mtu anapaswa kupita kwake bila kuuliza njia. Nimekumbuka hilo mara nyingi tangu uondoke.

Sasa, Mama alitaka kitu kimoja tu kwenye laptopu hiyo. Rekodi zako za mazoezi ya kwaya. Zile ulizozirekodi ukiwa unawafundisha pale usharikani, halafu Jumapili mchana unakaa naye sebuleni, mnasikiliza na kubishana nani aliharibu wimbo, yeye akiitetea sauti ya pili anayoiimba. Nikaiacha Mwika, na kila Jumamosi nikipanda namfungulia. Lakini katikati ya wiki alikuwa anajaribu mwenyewe. Maandishi madogo, macho yake unayajua, anatafuta Barazani anaangukia Zizini. Ananipigia simu nikiwa na mteja mwenye pini mgongoni. Namwambia, Mama, subiri Jumamosi nakuja. Siku moja akanijibu, "Mimi siwi mgeni kwenye sauti ya mwanangu." Akakata.

Alichotaka ni mimi niibadilishe menyu, maandishi yawe makubwa na nyimbo zikae mwanzo kabisa. Nikakataa, Kaka. Nilimkatalia mama yetu. Kila kitu chako kingine kilikuwa kimeshakatwa, kimefuliwa, kimevaliwa na mtu mwingine. Pale tu ndipo palipokuwa bado pamekaa kama ulivyopaacha, mpaka na matani yako, nami nilitaka mahali pamoja pasiguswe.

Mama hakubishana. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Koti ulikata."

Basi.

Jumamosi iliyofuata nikakaa na laptopu mezani. Nilikuza maandishi, hilo likaenda vizuri. Kisha nikataka kuusogeza ule mstari wa chini wenye kitufe cha menyu uje juu, Mama auone upesi. Nikabonyeza kitu, ikaniuliza swali, nami kwa haraka zangu nikakubali bila kusoma. Mstari wote ukatoweka. Menyu, saa, kile kipicha cha jani la sale, letu la kuombea radhi, ulichokiweka kwenye kitufe, vyote. Kikabaki kioo kitupu chenye picha ya mlima. Nikazima, nikawasha, kitupu vilevile. Kaka, nililia. Machozi yote niliyoyanyima lile koti nikayamwaga hapo, na Mama akaniletea kanga nifute pua, hakuuliza nimeharibu nini.

Nilipotulia nikabonyeza kitufe cha kulia cha mausi pale kwenye utupu, bila tumaini, kama mtu anayepapasa mfuko anaojua hauna kitu. Ikafunguka orodha ndefu, na ndani yake Shambani, Jikoni, Zizini, Barazani, zote zipo. Nikasoma kila neno safari hii. Nikapata mahali pa kuunda mstari mpya, nikauweka juu, nikaurudishia menyu. Ule wako haukurudi. Nimetafuta kile kipicha cha jani sikukiona tena, na nimekubali. Huu wa sasa ni mshono wangu, na umepinda kidogo upande wa saa.

Kisha nikazitoa rekodi Barazani, nikaziweka za kwanza kabisa, peke yake, kwa herufi kubwa. Nikamuuliza Mama niandike jina gani hapo. Nyimbo? Kwaya? Akaniangalia kama nimeuliza ugali ni nini. "Andika Anaeli." Nikaandika.

Jumatano nilikuwa Majengo, nakata kitambaa cha sare. Simu ikaita, ni Mama. Nikasema shikamoo, hajibu. Nikasikia kinanda kwa mbali, na waimbaji wanaanza, kisha wewe ukapiga meza ukawasimamisha: "Sauti ya pili, mnawahi! Ngojeni nionyeshe mkono." Nikaweka mkasi chini. Na Mama, akiwa peke yake sebuleni, hajui kama namsikia au amesahau, akakujibu palepale, kwa ukali uleule wa Jumapili zenu: "Hatuwahi, baba. Nyinyi ndio mnachelewa."

Sikukata simu. Mteja alisubiri, na kinyozi alikuja kuuliza kama kuna msiba.

Kaka, pumzika. Mama anabonyeza mwenyewe sasa, na siku akitaka nipange upya nitapanga upya, sitamkatalia tena. Mkibishana nitakaa pembeni nisikilize, sitaingilia. Ila ukweli ni kwamba sauti ya pili walikuwa wanawahi.

Mdogo wako,
Aikande