Gari Nililolipima kwa Mtu Mmoja

Kilindoni, Mafia
Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi

Mke wangu Tabitha,

Neema ya Bwana iwe juu yako na juu ya nyumba nzima. Naamini huko Njombe mmeshaanza kulala na mablanketi mawili. Kifua cha Tumaini kinaendeleaje? Ile dawa ya kikohozi ilimsaidia? Mama mkwe nampa shikamoo yake hapa mwanzoni kabisa, asije akasema nilimkumbuka karatasi ilipokuwa inakwisha. Mimi ni mzima wa mwili. Habari za moyo zinafuata.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana kama tumekula. Tena kwenye simu nimekuwa nikikudanganya. Unakumbuka siku naondoka ulikuwa unamenya viazi, hukuinua hata uso. Nilikuomba unifuate huku, ukanijibu, "Nitajie mwanamke mmoja wa huko anayenijua kwa jina, nami nitafunga mizigo. La sivyo siji kukaa chumbani na mtoto kama mfungwa." Nilikasirika, nikapanda basi bila kukuaga vizuri. Tangu hapo kila ukipiga nakwambia watu wa huku tumezoeana sana. Si kweli, mke wangu. Huu ni mwaka wa pili, na hakuna nyumba hata moja ninayoijua kwa ndani.

Salamu ninazo nyingi. Hapa mtu hakupiti bila kukuuliza habari za kazi, za tangu jana, za huko kwenu. Lakini salamu zinaishia mlangoni mwa gereji. Husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilipewa siku ya kwanza, zile siku mbili za kula sikuziona. Na kosa si lao, maana mwaka ule wa kwanza waliniita futari, nikasema nina kazi. Wakaniita tena, nikasema nina kazi. Mtu akikataa mara mbili nani atamwita ya tatu? Unanijua nilivyo na aibu ya kula mbele za watu.

Sasa sikiliza habari ya gari. Kuna mzee mmoja wa Miburani, mtaa wa jirani hapa, anaitwa Bwana Hamadi. Amefanya kazi Muscat miaka mingi, amerudi na gari la spoti, jekundu, milango miwili, kiti cha nyuma cha kuwekea mkoba. Ukiliona katikati ya bodaboda na mikokoteni ya nazi utacheka. Alikuwa anamwoza binti yake kijiji cha Utende, na alishaapa kwamba atampeleka kwa mumewe mwenyewe, kwa gari lile, kwenye lami yote kutoka huku hadi kule. Tatizo likawa gari linalala kwenye kona, ukifunga breki linachovya pua, kila tuta linarukaruka. Aliniambia, "Fundi, nataka litulie. Mwanangu asiyumbishwe siku yake."

Nikaifanya kazi ile kama naifanya kwa ajili yetu. Niliagiza springi fupi na ngumu zaidi, zile zenye ringi ya kuzungusha ili upandishe au ushushe, na shokapu zake, na rimu pana zenye matairi membamba ubavuni. Vikaja kwa boti kutoka Nyamisati, boksi moja limelowa. Nilifunga mwenyewe, nikashusha gari hadi kati ya tairi na madigadi vikabaki vidole viwili. Nikakaa kwenye usukani, nikapima tena, nikarekebisha. Halafu nikalipeleka kwenye lami asubuhi moja, peke yangu. Tabitha, lilishika barabara! Kona ya kwanza halikuinama hata kidogo, usukani ukawa unasikia kabla sijaugeuza. Nilifurahi mpaka nikasema kwa sauti, "Umeona?" Nikageuka, kiti cha pembeni kitupu. Nilirudi polepole, na furaha yenyewe ikaishia njiani.

Kwenye harusi sikualikwa. Siku yenyewe nilisimama mlangoni mwa gereji, maana lazima wapite pale, nilione gari langu likienda. Kabla halijatokea nikasikia tairi likilia, halafu harufu ya mpira unaoungua. Likasimama mbele yangu, limelala chini kama kuku anayeatamia. Ndani mlikuwa na Bwana Hamadi, bi harusi pembeni yake, na kule nyuma wamebanana bibi mzaa baba na somo, yule mama aliyemfunda binti. Somo huyu, Bi Saada, Mungu amempa mwili. Na miguuni pao sanduku. Matairi yalikuwa yanajikata kwenye madigadi kila gari likikata kona.

Bwana Hamadi akashuka na kanzu yake nyeupe, hata salamu hakutoa. "Fundi, hukujua bi harusi haendi kwa mumewe bila somo wake?"

Nikamjibu ukweli tu. "Mzee wangu, sijui. Sijawahi kuhudhuria harusi ya huku."

Nilitamani ardhi inimeze. Mimi gari lile nimelipima kwa uzito wangu, kwa mtu mmoja, maana ndivyo ninavyoishi. Fundi yeyote mwenyeji angeuliza wanapanda wangapi. Mimi wazo hilo halikunipitia hata karibu.

Kupiga jeki watu wakiwa ndani haiwezekani, na bi harusi kusimama barabarani ni aibu. Ikabidi nifungue chumba changu cha nyuma ya gereji. Wakamzungushia binti kanga nne, wakamwingiza. Huku nje nikarudisha rimu za zamani, nikazungusha ringi za springi kupandisha gari. Nikasikia kibiriti kinawashwa kule ndani, wanachemsha chai. Kisha Bi Saada akaniita.

Alikuwa amesimama katikati ya chumba, kikombe changu mkononi. Sahani moja, kijiko kimoja, kiti kimoja ambacho bi harusi amekalia. Akauliza vingine viko wapi, nikasema ni hivyo hivyo. Akaitazama picha yenu ukutani, ile ya ubatizo.

"Huyu mkeo?"

Nikasema ndiye.

"Anaitwa nani?"

"Tabitha."

"Tabitha," akasema polepole, kama anaonja chumvi ya mchuzi. "Na mtoto?" Nikamwambia Tumaini. Akanitazama sana. "Masikini, mwanangu. Miaka miwili tunapita hapa tunakusalimia, hakuna aliyekuuliza." Nikainama nikajifanya natafuta spana, kwa sababu machozi yalikuwa yameshafika.

Wakanywa chai kwa zamu, bi harusi kwanza, kwa kikombe kimoja kile kile. Gari likaondoka limeinuka, si zuri tena kama nilivyolitengeneza, linayumba kidogo kwenye kona, lakini wote wanne walifika Utende. Bwana Hamadi alirudi kesho yake na sinia la pilau. Sikusema nina kazi. Nilikula mbele yake.

Sitaki nikudanganye tena. Jioni bado ni ndefu, na mtu anayenisubiri nirudi hayupo. Pilau moja haiponyi miaka miwili. Lakini nimekosea kumpima kila mtu kwa upweke wangu, na wewe nilikupima hivyo hivyo: nilitaka uje kwa sababu mimi nateseka, sikuuliza wewe utakaa na nani.

Nisalimie mama mkwe tena, na kaka yako fundi seremala, mwambie randa yake bado ninayo. Nisalimie mwalimu wa kwaya na jirani yetu mkunga. Tumaini mbusu kwenye paji la uso.

Bi Saada alipita juzi, ana kitu amefunga kwenye kitambaa. Akasema, "Muulize Tabitha anakuja lini." Kufungua, vikombe viwili, kikubwa na kidogo. Nimevifunika juu ya rafu. Sijavinywea.

Mume wako,
Baba Tumaini